Bodi Zilizokufa

Mpwa wangu akija kibandani kwangu ujue ana shida, na shida yake huanza kwa kupekua. Jumatatu moja alifika kabla sijamaliza kufungua mlango, akavuta stuli, akazamisha mikono yote miwili ndani ya boksi lililo chini ya meza. Boksi hilo ndilo makaburi ya kazi yangu. Mna bodi za televisheni zilizopigwa na radi za Meru, rimoti zisizo na vibonye, kibodi za kompyuta zilizomwagikiwa chai, na redio moja ya Philips iliyounganishwa hapa hapa Arusha enzi zile kiwanda kikiwa hai. Hiyo sina moyo wa kuitupa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umepoteza nini humo?"

"Naomba hizi bodi zilizokufa."

"Hizo hazifufuki. Kila chenye faida nimeshaking'oa."

"Sitaki kuzifufua, mjomba. Nataka kuzivaa."

Basi ikabidi niweke solda chini. Kumbe yeye na wenzake wanne wanataka kupiga picha fupi ya Arusha ya miaka mia ijayo, mto wetu ukiwa umekauka na watu wakinunua maji kwa alama za vidole. Wana simu moja yenye kamera nzuri, na shangazi wa mmoja wao ana cherehani. Akanionyesha picha kutoka filamu iitwayo Neptune Frost: vijana wamevaa nguo zilizoshonewa nyaya, bodi na vibonye vya kibodi. Nikavuta miwani. Nimeanza kulehemu bodi kabla huyu mtoto hajazaliwa, vidole vyangu vina makovu ya zile ncha za risasi zilizo nyuma ya bodi, na siku zote nilijua kitu kimoja cha kufanya na bodi iliyokufa: kumpa muuza chuma chakavu.

Nilimwambia akae vizuri. Alidhani wale wa Neptune Frost ndio waliogundua mambo hayo. Picha za kesho zimetengenezwa kwa takataka tangu zamani, na sisi wa huku tumo ndani ya historia hiyo kuliko tunavyojua wenyewe, ingawa kwa muda mrefu tuliwaazima watu majina na sauti tu.

Nilianza na chumvi. Tarehe 8 Septemba 1966 televisheni ya Marekani ilirusha kwa mara ya kwanza tamthilia ya Star Trek, na sehemu iliyorushwa siku hiyo ilihusu dude linalofyonza chumvi mwilini mwa watu mpaka wafe. Hadithi ikihusu chumvi, lazima kichupa cha chumvi kionekane, tena cha karne ya 23. Watafuta vifaa wakaingia madukani, wakarudi na vichupa vya maumbo ya ajabu. Vilikuwa vya ajabu mno, hata mtazamaji asingejua kwamba ni vya chumvi. Wakaishia kutumia kichupa cha kawaida, na vile vya ajabu akapewa daktari wa chombo cha angani viwe vifaa vyake vya tiba. Kwa hiyo yule daktari aliyekuwa akiwapima watu kwa kuwapitishia kitu kinacholia mwilini alikuwa ameshika kichupa cha chumvi. Mpwa wangu alicheka mpaka akashika meza.

Nikamwambia acha kicheko, subiri. Katika sehemu hiyo hiyo ya chumvi, lile dude hujigeuza sura kulingana na mtu linayemwinda, na lilipomwendea afisa wa mawasiliano lilijigeuza mwanamume mweusi anayesema Kiswahili. Afisa huyo ni Uhura. Mwigizaji wake, Nichelle Nichols, alikuwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru siku alipokwenda kujaribiwa. Gene Roddenberry, mwenye tamthilia, akalipenda neno, akalilainisha mwisho wake, likawa jina. Tanganyika ilikuwa haijatimiza hata miaka mitano ya uhuru wake. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, mtambo mmoja ulimfuta Uhura kumbukumbu zote, na katika kufundishwa upya Kiingereza akawa anateleza na kurudi kwenye Kiswahili. Kiswahili chenyewe kimepinda, Mswahili anakisikia kwa kukisia. Lakini kilikuwepo angani kabla redio nyingi za mtaa wetu wa Ngarenaro hazijawashwa. Jina lake la kwanza, Nyota, lilikuja kutamkwa kwenye filamu mwaka 2009. Nyota Uhura! Geuza herufi moja umpe mtoto wa Kaloleni, hakuna jirani atakayeshangaa.

Halafu kuna yule rubani msaidizi mwenye mashavu ya kuning'inia katika Return of the Jedi ya mwaka 1983, anayekaa kando ya Lando ndani ya Millennium Falcon. Fundi wa sauti, Ben Burtt, alikuwa akitafuta lugha ambazo masikio ya Marekani hayajazizoea ili zisikike kama za sayari nyingine. Sauti ya huyu akaipata kwa mwanafunzi Mkenya, Kipsang Rotich. Wabishi wa filamu wamegombana miaka mingi kuhusu lugha anayosema. Wengi wanasema Kikuyu, wengine wanasikia Kikalenjin, na wapo waliowahi kuapa kwamba ni Kihaya. Nairobi watu walicheka sehemu ambazo dunia nzima haikucheka, maana wao walikuwa wanaelewa. Hii huwa inaniudhi na kunifurahisha kwa pamoja. Ukimsikiliza mwenzako kama kiumbe wa ajabu ni kwa sababu hujamsikiliza, lakini nani asingependa kusikia lugha ya bibi yake ikiongoza chombo vitani?

Chombo chenyewe, ile Falcon, nacho ni cha kwetu kwa maana nyingine. Wakati wa kutengeneza Star Wars ya kwanza, iliyotoka mwaka 1977, fedha zilikuwa kidogo. Mpambaji wa seti, Roger Christian, akaenda kununua vyuma chakavu vya ndege, akavigawanya na kuvibandika ukutani mpaka seti ikaonekana chombo kilichotumika, chenye grisi na historia. Upanga wa mwanga wa Luke aliutengeneza kutokana na mpini wa flashi ya kamera za zamani za Graflex. Yeye na wenzake wakapewa Oscar kwa kazi hiyo. Ukitaka kuelewa maarifa yake nenda Unga Limited, simama pembeni ya mizani ya wanunua vyuma, utazame macho ya mtu anayechagua. Ni macho yale yale.

Wazee wa Arusha ukiwauliza habari za filamu hawatakutajia hata moja kati ya hizo. Watakutajia Hatari! ya Howard Hawks, iliyopigwa huku kwetu tangu mwishoni mwa mwaka 1960, na makao yao yakiwa Momella, chini ya Mlima Meru. John Wayne alifungwa kwenye kiti cha mbele ya gari, akawakimbiza wanyama wa kweli. Hawks hakuwa na hadithi iliyokamilika. Alipiga kwanza picha za kukamata wanyama, mengine yakashonwa baadaye kuzifuata. Na sauti za kwenye mbio hizo ilibidi zirekodiwe upya, kwa sababu Wayne akipambana na mnyama alikuwa anatukana. Hiyo si picha ya kesho, ni kweli. Nimeitaja kwa sababu ndiyo iliyowaonyesha watu wa hapa kwamba picha hushonwa vipande vipande kama kanzu, na sauti inaweza kuwekwa siku nyingine kabisa.

Sauti ndiyo iliyonipa mimi ugali.

Televisheni Tanzania Bara ilianza mwaka 1994, miaka ishirini na zaidi baada ya Zanzibar. Kabla ya hapo, na hata baada yake, sinema ya mtu wa Ngarenaro ilikuwa kibanda umiza. Changu kilikuwa na mabenchi sita, magunia madirishani, deki moja na televisheni niliyoifufua mara nne. Picha zilikuwa za Kiingereza au Kichina, kwa hiyo ukitaka watu warudi kesho unahitaji mtu wa kuzieleza. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, na kanda zenye sauti yake zilisafiri nchi nzima. Sisi tulikuwa na wetu, ambaye tulimwita Mkalimani tu. Nilimtengenezea kipaza sauti kwa kutumia amplifaya ya redio ya Philips, ndugu wa ile iliyo kwenye boksi, nikaweka swichi ya kuteremsha sauti ya picha kila anapofungua mdomo. Swichi ilikuwa inatoa mlio mdogo, ta! Watu wakausikia wanajua maneno yanakuja.

Siku aliyoletewa Terminator 2 aliitazama kwanza peke yake mchana, kisha akanijia na swali zito: chuma kinawezaje kutiririka na kusimama tena kikawa mtu? Nikawasha solda, nikayeyusha kipande cha risasi juu ya bati. Tone likakimbia, likakutana na jingine, yakawa moja, likapoa. Hakusema kitu. Jioni yule adui alipoinuka kutoka sakafuni, nikasikia ta!, na Mkalimani akatangaza: "Huyu ni risasi ya fundi, jamani. Ikipoa, inasimama. Ametumwa kutoka Unga Limited kumtafuta mtoto!" Benchi la mbele lilianguka.

Tulibishana wiki nzima kuhusu mlinzi wa filamu hiyo anayekutana na mtu aliye yeye mwenyewe mbele ya mashine ya kahawa. Mimi, kwa ujuaji wangu, niliwaeleza kwamba ni kompyuta. Baada ya miaka mingi nikaja kusoma kwamba ni mapacha, Don na Dan Stanton, wamesimama tu wakitazamana. Hata mama wa yule mtoto, Linda Hamilton, pale anapohitajika kuonekana wawili, mwenzake ni pacha wake Leslie. Na mengi kati ya yale majeraha ya chuma yaliyofunguka kama ua yalikuwa vinyago vya Stan Winston. Kompyuta ilikuwepo, tena ilifanya makubwa, lakini ilikuwa ghali, kwa hiyo palipowezekana walitafuta mapacha.

Mpwa wangu akaniuliza: sasa sisi wenyewe tulianza lini kutengeneza? Hapo ndipo nilipomwambia habari ya Pumzi.

Pumzi ni ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ndiye huyo aliyekuja kutengeneza filamu ya Rafiki. Ilitoka mwaka 2009, ina dakika ishirini na kidogo, na wengi wanaitaja kuwa filamu ya kwanza ya Kenya ya aina hiyo ya picha za kesho. Ni miaka 35 baada ya vita vya tatu vya dunia, vita vya maji. Watu wa Maitu, neno la Kikuyu la kumwita mama, wanaishi ndani ya jengo lililofungwa. Jasho na mkojo huchujwa vinywewe tena, umeme unatokana na mashine za mazoezi ambazo watu wanazisukuma wenyewe, na ndoto huzimwa kwa kidonge. Asha, mtunza makumbusho, analetewa udongo wenye unyevu, anaotesha mbegu, anatoroka kwenda jangwani kuipanda. Anaongea kidogo sana. Mengi anayaandika na mashine inayasema kwa niaba yake. Mtu aliyekaa miaka kando ya Mkalimani analiona hilo haraka: Kahiu amejua kwamba kimya nacho ni kifaa, na hakiuzwi dukani.

Fedha zilitoka kwenye mfuko wa Africa First wa kampuni ya Focus Features, Goethe-Institut na mfuko wa sanaa wa Changamoto, na picha zikapigwa Afrika Kusini. Katika kutafuta namna ya kujenga mji wa kesho kwa mfuko mdogo, Kahiu alirudi kutazama filamu za miaka ya 1950, zile za mandhari ya kuchorwa na za kurusha picha ukutani nyuma ya mwigizaji, akazilinganisha na sanaa za Kiafrika za kufuma na kupamba. Yaani alikwenda kwa mafundi waliokufa kuuliza walivyofanya kabla ya kompyuta. Januari 2010 filamu ilionyeshwa Sundance. Kipindi hicho hicho alikuwa ametengeneza filamu ya kumbukumbu kuhusu Wangari Maathai, na ukiona Asha anavyoukinga ule mche kwa mwili wake utajua mkono ule ulikuwa umetoka kwa nani.

Hapa Ngarenaro picha hiyo haihitaji mkalimani. Jina letu lenyewe ni maji: kwa Kimaasai enkare ni maji na narok ni nyeusi. Na sisi ambao meno yetu yana rangi ya chai kwa sababu ya floraidi ya maji ya Meru tumejua tangu utoto kwamba bomba linaweza kukunywesha na kukutia alama siku hiyo hiyo.

Neptune Frost ya Saul Williams na Anisia Uzeyman ilikuja mwaka 2021, ikaonyeshwa Cannes katika Wiki Mbili za Waongozaji. Hadithi ni ya Burundi, lakini picha zilipigwa Rwanda kwa sababu Burundi hapakuwa shwari. Uzeyman mwenyewe ndiye aliyeshika kamera. Humo watu wanasema Kinyarwanda na Kirundi, Kifaransa, Kiingereza, na Kiswahili chetu kimo. Mavazi na seti ni kazi ya Cedric Mizero, Mnyarwanda. Mpwa wangu aliyajua hayo yote. Asichokijua ni kilichokuwa mkononi mwake. Nilichukua bodi moja kutoka kwenye boksi, ya kompyuta ya zamani, nikamwonyesha vidonge vidogo vya rangi ya chungwa, vimekaa kama dengu zenye miguu miwili. "Hizi ni kapasita za tantalamu," nikamwambia. "Tantalamu inatoka kwenye koltani. Koltani inachimbwa Kongo na Rwanda." Filamu ile inaanzia mgodini, kijana anapigwa mpaka anakufa kwa sababu ya jiwe hilo. Halafu wanakijiji wanavaa bodi. Madini yametoka kwao yakiwa udongo, yamezunguka dunia, yamerudi yakiwa takataka, nao wameyashona kwenye nguo.

Alikaa kimya akiigeuza ile bodi. Nilidhani ataghairi. Badala yake akaniomba na nyingine yenye vidonge vile.

Kuna jambo linanikera na nitalisema. Julai 2023 Disney walitoa mkusanyiko wa filamu kumi za katuni za Afrika ya kesho, uliosimamiwa na studio ya Triggerfish ya Cape Town. Ukaitwa Kizazi Moto. Kiswahili safi! Yumo Mganda, Raymond Malinga, na ng'ombe zake za Herderboy. Yumo Mkenya, Ng'endo Mukii, na Enkai, jina la Mungu ambalo bibi zetu wa Kimaasai wanalitaja kila alfajiri. Yumo Mmisri, yumo Mnigeria, na wamo Wazimbabwe na Waafrika Kusini. Mtanzania hayumo hata mmoja kati ya waongozaji. Tangu Uhura mpaka leo tunakopesha majina. Nilimwambia mpwa wangu kwamba hili si la kulalamikia Disney, ni la kwake yeye na simu yake na cherehani ya shangazi.

Mtu wa mwisho nilimwacha makusudi. Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alikuwa akifyatua matofali. Utotoni hakuwa akiingia kwenye vibanda vya video. Kaka zake ndio waliorudi kumsimulia, na filamu akazijenga kichwani. Alipokua akaunganisha kompyuta zake mwenyewe kwa spea za mitumba, na mwenzake Dauda Bisaso akawa anaunda silaha za kuigizia kwa vyuma chakavu, baadaye hata helikopta nzima ya kusimama uwanjani. Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 si picha ya kesho, ni ya mabavu, lakini helikopta zake zinaruka juu ya Kampala na kulipua majengo, kazi yote imefanyiwa chumbani, na gharama inayotajwa ni kama dola 200. Waigizaji wenyewe walipita mlango kwa mlango kuuza diski kabla wezi wa kunakili hawajawahi.

Nikafika kwenye sehemu ambayo huwa siipendi. Kompyuta ya Nabwana ilijaa. Ili apate nafasi ya kutengeneza filamu iliyofuata, alifuta ile iliyotangulia. Captain Alex ya asili haipo tena. Iliyosalia, ambayo watu mamilioni wameitazama kwenye intaneti, ni ile iliyouzwa kwenye diski ikiwa na sauti ya VJ Emmie, mkalimani wao, akipiga kelele na utani juu ya kila risasi. Hapo mkalimani ndiye aliyeiokoa picha.

Mimi nilifanya kinyume chake. Katika miaka ile ya kibanda nilikuwa nimerekodi kanda za Mkalimani wetu, sauti yake ikiwa juu ya picha, Terminator 2 ikiwemo. Kanda tupu ilikuwa ghali. Mtu akija na harusi, natafuta kanda, nafuta, narekodi harusi. Mechi ikija, nafuta. Sikufikiri hata mara moja kwamba nafuta kitu. Mkalimani amefariki miaka mingi sasa, na kati ya kanda zilizobaki kwangu, moja tu ina sauti yake, tena ni sekunde chache mwishoni mwa harusi, pale ambapo mpiga picha alizima kabla kanda haijaisha. Inasikika ta!, halafu "Jamani, msimwamini huyu," halafu chenga.

Mpwa wangu aliisikiliza mara tatu. Aliondoka na bodi kumi na moja na kibodi mbili, akaniachia Philips yangu. Amesema sauti ya mashine katika filamu yake itaanza na ule mlio wa swichi.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa Ngarenaro, Unga Limited, Kaloleni na Levolosi. Mwenye kanda za zamani zilizotoka kwenye vibanda vya hapa, hata kama zimeota ukungu, hata kama juu yake pameandikwa harusi, asizitupe. Deki inayosoma ninayo moja na hedi yake nimeisafisha. Kuhamishia kwenye flashi ni hela ya kawaida, ila tukikuta ndani sauti ya Mkalimani, silipishi.